Sesilia Mauwa Marselino, Aliyemsuka Twiga wa Temeke

Wasifu huu unasomwa makaburini Chang'ombe, Jumamosi, tarehe 16 Agosti 1958.

Ndugu, majirani, wanaparokia, na watani wetu mliosimama karibu na udongo: tunayemzika leo alikuwa fundi. Yapo mengi aliyokuwa zaidi ya hilo, lakini hilo ndilo alilonyimwa, kwa hiyo tunaanza nalo.

Marehemu Sesilia Mauwa alizaliwa Nyangao, bara ya Lindi, mwezi wa Februari mwaka 1912. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Marselino Nakoma, na wa kwanza kati ya mabinti. Hakuzaliwa Mikindani. Mwaka 1949 gazeti moja liliandika kwamba fundi wa mikeka ile mizuri alizaliwa Mikindani, na wako wanaoikariri habari hiyo mpaka leo. Gazeti halikukosea. Lilikuwa linaeleza mahali alipozaliwa mtu mwingine.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1921 hadi 1926. Alijifunza kusoma, kuandika, hesabu na kudarizi. Siku moja Sista aliwapa wasichana vitambaa vyeupe akawaambia wadarizi waridi. Sesilia akadarizi ua la mbaazi.

"Hili si waridi," Sista akamwambia.

"Waridi silijui, Sista. Hili nalijua."

Wenzake walitarajia achapwe. Sista alikipeleka kile kitambaa nyuma ya darasa, akakitazama karibu na dirisha, na Jumapili iliyofuata kilikuwa kimetandikwa kanisani. Marehemu alipenda kusimulia habari hiyo, na kila mara alimalizia kwa kusema kwamba Sista yule hakuliandika jina lake mwenyewe juu ya ua.

Kusuka alifundishwa na mama yake. Wanawake wengi wa kwao walisuka, lakini tangu akiwa msichana yeye alipenda mkeka wa mviringo, ambao wengine waliukwepa kwa sababu ya usumbufu wake. Hapa inafaa tueleze kidogo, maana mambo yote yaliyofuata yalitoka hapo. Kwanza husukwa ukili, yaani utepe mwembamba mrefu wa majani ya ukindu. Kisha ukili huo huzungushwa juu ya nafsi yake, kuanzia katikati kwenda nje, huku ukishonwa ubavu kwa ubavu kwa sindano kubwa mpaka mkeka ukamilike. Mtu wa kawaida akitaka pambo hutia mistari ya rangi, na mistari hiyo huangukia popote. Sesilia alitia picha. Alijua akiwa bado anasuka utepe kwamba doa hili jeusi, mizunguko mingi mbele, litakutana na lile doa jekundu na kuwa jicho la ndege. Ukiutazama ukili wake kabla ya kushonwa ulikuwa huoni kitu, vidoadoa tu, kama ngozi ya mtu mwenye surua. Picha yote ilikuwa kichwani mwake.

Tarehe 8 Novemba 1930 alifunga ndoa na Bwana Leonardi Chilumba, seremala, na mwaka 1932 wakahamia Dar es Salaam, wakapata chumba Chang'ombe. Walijaliwa watoto wawili, Apolonia na Romani. Leonardi alikuwa mtu mpole na mcheshi. Marehemu alikuwa akichora kwanza kila mkeka uani, kwa mkaa, kwenye ardhi iliyofagiliwa, ukubwa ule ule utakaokuwa. Majirani wa siku zile watakumbuka mazungumzo yao:

"Baba Apolonia, umemkanyaga jogoo."

"Jogoo gani? Mie naona mkaa tu."

"Umemkanyaga mkia. Rudi nyuma kwa mguu ule ule."

Naye Leonardi alirudi nyuma kwa mguu ule ule, akiwa na mbao begani, akimwomba radhi jogoo. Ni yeye aliyemtengenezea vibao vya kunyooshea ukindu na masanduku ya rangi. Wekundu aliupata kwenye mbegu za mzingifuri, njano kwenye manjano ya jikoni, na weusi kwenye matope ya mikoko, ambamo majani yalizikwa mpaka yakanywa rangi. Mikono yake ilikuwa na rangi tatu daima. Alipokwenda kupokea komunyo alivaa soksi za mikono alizojidarizia mwenyewe, zenye maua ya mbaazi.

Mikeka yake haikukaa nyumbani. Tangu mwaka 1938 ilipelekwa mjini na mdogo wake Leonardi, Bwana Kasimiri Chilumba, aliyekuwa na kibanda cha vinyago na mikeka karibu na hoteli za Wazungu. Kwa miaka ya mwanzo alisema mikeka hiyo imesukwa na shemeji yake. Leonardi alipofariki mwaka 1947, Bwana Kasimiri alianza kuishonea kila mkeka kitambaa kidogo chenye maandishi: Kasimiri, Fundi.

Marehemu alimwuliza. Jibu alilopewa lilisikiwa na watu waliokuwepo uani, nasi tunalitoa kama lilivyo.

"Shemeji, Wazungu hawanunui kitu kwa mwanamke wa Chang'ombe. Jina langu ni kanzu tu. Mwili ni wewe."

"Basi ivue ukiingia kwangu," akamwambia.

Hakuivua. Mwaka 1949 mkeka wa majogoo saba ulipata tuzo katika maonesho ya kazi za mikono, na gazeti likatoa picha ya Bwana Kasimiri akiwa ameukalia, ameshika cheti. Apolonia, wakati huo msichana wa miaka kumi na sita, alimpelekea mama yake gazeti lile huku analia. Marehemu aliitazama picha.

"Kakalia kichwa cha jogoo wa kati," akasema. Akarudi kwenye kazi yake.

Alipeleka shauri kwa wazee wa ukoo, kwa heshima, kama inavyotakiwa. Wazee wakamwambia mume amekwisha kufa, shemeji ndiye kichwa cha nyumba, na jina likikaa kwa Chilumba mmoja au mwingine si limebaki nyumbani? Baadhi ya wazee hao wapo hapa leo, nasi tunawaamkia. Shikamooni. Jina halikubaki nyumbani. Lilikwenda mjini kila asubuhi likivaa tai.

Wapo waliotushauri, katika siku hizi mbili za msiba, tuandike kwamba baina ya marehemu na shemeji yake palitokea kutoelewana. Hatuwezi kuandika hivyo, kwa sababu hapakutokea kutoelewana. Walielewana vizuri sana. Kila mmoja alijua ni nani aliyesuka.

Mwaka 1951 marehemu alihamia Temeke, kwenye nyumba aliyokaa mpaka mwisho. Mwaka 1953 zikaja sherehe za kutawazwa kwa Malkia, na pamoja nazo maonesho makubwa kuliko yale ya kwanza. Bwana Kasimiri aliagizwa mkeka wenye picha ya twiga, alama ya nchi yetu. Marehemu alimchora twiga huyo uani Temeke, mrefu kuliko mlango, na majani ya mgunga mdomoni. Alikwisha kusuka ukili wote, ameuviringisha, bado kuushona tu, Bwana Kasimiri alipofika na habari mpya. Bibi wa Kizungu aliyesimamia maonesho alitaka wageni wamwone fundi akiwa kazini. Ukili utashonwa pale pale, mbele ya watu.

"Nipe tu shemeji, nitashona mwenyewe," akasema. "Kusuka ndiyo kazi. Kushona hata mtoto anashona."

Marehemu alikuwa anapepeta mchele. Aliuweka ungo chini.

"Unakijua kiini chake?"

"Kiini ni kiini. Unakunja, unazungusha."

"Haya, shemeji. Chukua."

Tunaomba hapa mwelewe vizuri, maana kwa jambo hili moja watu wa Temeke walimtenga marehemu zaidi ya miaka minne. Kiini ni mkunjo wa kwanza wa ukili, ule wa katikati kabisa. Urefu wa mkunjo huo ndio unaoamua kila doa litaangukia wapi. Ukizidi kwa vidole vichache, mzunguko wa kwanza unasukuma wa pili, wa pili unasukuma wa tatu, na picha yote inatawanyika. Sesilia alikipima kiini kwa dhiraa yake mwenyewe, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Alikuwa mwanamke mfupi. Bwana Kasimiri, kama mnavyomwona, ni mtu mrefu.

Alikunja kwa mkono wake. Alishona kwa siku tatu, amevaa kanzu mpya, wageni wakipita na kumpigia makofi. Siku ya tatu watu walijaa. Apolonia alikuwepo, naye Bwana Polikarpo Gama, mtani wetu Mngoni, aliyekuwa anafanya kazi ya upagazi bandarini na ambaye leo amesimama pale na jembe mkononi. Mkeka ulipotandazwa, kichwa cha twiga kilikuwa magotini, shingo imekatika vipande vinne, na jicho limekaa peke yake karibu na ukingo, mbali na kila kitu.

Watu wakanyamaza. Bwana Polikarpo hakunyamaza, na kwa utani wetu hana wajibu wa kunyamaza.

"Kasimiri, huyo ni twiga au fisi aliyekanyagwa na lori?"

"Nyamaza, Mngoni. Ni mtindo."

"Mtindo? Mbona jicho linaomba ruhusa kwenda nyumbani?"

Hata askari wa kulinda mlango walicheka. Yule Bibi wa Kizungu alimwomba fundi aufumue, aushone upya vizuri. Bwana Kasimiri aliufumua na kwa siku tatu nyingine akaushona tena mbele yao, na safari hii miguu ikawa juu. Cheti kikaenda kwa mfinyanzi wa Kisarawe.

Hapo palikuwa na njia mbili. Angeweza kusema: si mie niliyesuka, ni mke wa marehemu kaka yangu, na ni yeye ajuaye kiini. Watu wangecheka kidogo zaidi, kisha wangesahau. Alichagua ya pili. Kabla jua halijatua alikwisha kuwaambia watu wa Chang'ombe na Temeke kwamba shemeji yake ameutia ukili dawa, na kwamba atakayelalia mkeka wa mwanamke yule, viungo vyake vitatawanyika kama vya twiga.

Asubuhi mkeka wa kwanza ulikuwa umeegemezwa kwenye ua wake. Hakuna aliyebisha hodi. Siku zilizofuata ikaja mingine: mkeka aliomsukia jirani wa mlango wa pili alipojifungua, mkeka wa harusi wa binti wa katekista, hata ule wa jumuiya ya akina mama, wenye picha ya taa nne. Wenye mikeka hiyo mnajijua, na wengi wenu mpo hapa mmevaa nguo nzuri za msiba. Marehemu aliipokea mmoja mmoja, akaikung'uta vumbi, akaikunja, akaiingiza ndani. Kisimani wanawake walimpisha afike kwanza, na wala haikuwa heshima.

Kaka yake, Bwana Benedikto, alimwambia aeleze habari ya kiini, aende hata kanisani akaeleze.

"Nikieleza nitakuwa nimemfundisha bure," akasema. "Atashona vizuri, na jina litakuwa lake mpaka kiyama. Acha wanite mchawi. Mchawi angalau haibiwi."

Aliendelea kusuka. Miaka ile alisuka kazi ambazo wengi wenu hamjawahi kuziona, kwa sababu hamkupita mlango ule: vikapu vyenye samaki wanaokimbizana kuuzunguka mdomo, mkeka wenye uwanja mzima wa kanisa siku ya Sakramenti Takatifu, na mfuko wa vitabu aliomsukia binti wa kaka yake alipokwenda Makerere, wenye ua la mbaazi upande mmoja na upande wa pili mtupu. Alipoulizwa kwa nini upande mmoja mtupu, alisema msomi naye abakishiwe pa kuchora.

Mwishoni mwa mwaka 1956 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Madaktari walisema ni moyo. Alilazwa mara mbili, kisha akaomba arudi Temeke. Mwaka 1957, mwezi wa Oktoba, alimwita Apolonia akamwambia alete mkeka wa twiga. Bwana Kasimiri alikuwa ameutupa nyuma ya kibanda chake baada ya maonesho, na Apolonia alikuwa ameuokota na kuuficha miaka yote hiyo.

Aliufumua akiwa kitandani. Kisha Apolonia akaushika ukili ili aanze kukunja, akapima kwa mkono wake.

"Siyo kwako," mama yake akamwambia. "Pima kwangu."

Akaunyoosha mkono juu ya shuka, umekonda, bado una weusi wa matope kwenye kucha. Apolonia akaulaza ukili kutoka kiwiko hadi kidole cha kati, akakunja hapo, akaanza kushona. Alishona kando ya kitanda mwezi mzima, huku akimwuguza. Twiga alisimama: kwato chini, shingo moja, jicho mahali pake, majani mdomoni. Apolonia aliutundika ukutani, akaufungua mlango wa mbele, akakaa kizingitini.

Wa kwanza kuingia alikuwa yule jirani wa mlango wa pili. Alisimama mbele ya ukuta, mkono kinywani.

"Kumbe ni kipimo," akasema.

"Ni kipimo," akajibu marehemu toka kitandani. "Uchawi usingenichosha namna hii. Mkeka wako wa uzazi uko nyuma ya sanduku, ukitaka kuuchukua."

Aliuchukua. Wengine walikuja baada yake, si wote. Wasiokuja mikeka yao bado ipo, na Apolonia atawapa. Twiga haendi kaburini. Yupo ukutani Temeke, na mwenye shaka aje na mkono wake apime.

Mwezi wa Mei mwaka huu Bwana Kasimiri alikuja kumjulia hali. Alileta sukari na mkate. Alifunga mlango wa chumba, akapiga goti, akasema amekosa, mikeka ilikuwa ya shemeji yake yote, na dawa hapakuwa na dawa. Bwana Benedikto alikuwepo chumbani, na aliyaandika maneno hayo moyoni.

"Nimekusikia," marehemu akamwambia. "Sasa fungua mlango, useme hayo hayo kwa sauti ile uliyonitangazia uchawi."

"Shemeji, nina kikohozi."

"Basi kikipona."

Hakikupona. Aliondoka, na mkate ukaliwa na kuku.

Mwezi wa Julai marehemu alimwita Bwana Polikarpo Gama. Sote tunajua desturi yetu: katika msiba, watani hushika majembe na kuzuia kaburi lisifukiwe mpaka wafiwa watoe kitu kidogo, na vichekesho vikawepo na machozi yakapungua. Marehemu alimwambia mtani wake kwamba safari hii asitake pesa wala pombe, na asiwadai wafiwa.

"Umdai shemeji yangu," akasema. "Umdai neno. Na usipokee la kunong'ona, maana nitakuwa mbali."

"Akikataa, Mama Apolonia?"

"Nitasubiri. Mie sina pa kwenda."

Bwana Polikarpo alicheka mpaka akatoka nje kulia.

Sesilia Mauwa alifariki nyumbani kwake Temeke, alfajiri ya Alhamisi, tarehe 14 Agosti 1958, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita. Alikuwa amepokea Sakramenti za mwisho. Kando yake palikuwa na Apolonia, Romani, na ukili ambao haujamalizika. Bado hatujajua ni picha ya nini.

Ameacha watoto wawili, Apolonia na Romani, wajukuu watatu, kaka yake, Benedikto, na binti wa kaka huyo, Felicitas, aliyeandika na anayesoma haya, na watani waaminifu. Ameacha pia shemeji mmoja, Bwana Kasimiri Chilumba, aliyeomba jana awe miongoni mwa wabeba jeneza. Tulimkubalia bila kusita, kwa kuwa tulitaka awe karibu.

Mkigeuza karatasi ya ratiba mtaona kwamba baada ya wasifu huu hakuna wimbo. Pameandikwa: Neno la Shemeji. Padre amearifiwa, naye amekubali kukaa na kungoja. Bwana Polikarpo na wenzake wameyashika majembe yote. Tumehesabu, hakuna hata moja lililobaki. Jeneza litashushwa, na kaburi litabaki wazi hivyo hivyo, iwe kwa dakika moja au kwa siku nzima, mpaka Bwana Kasimiri Chilumba aseme kwa sauti ni nani aliyesuka mikeka ile, na kwamba haikuwa na dawa. Waliosimama nyuma kabisa, karibu na barabara, wakiinua mikono kuonyesha wamesikia, majembe yatafanya kazi yake, na Sesilia Mauwa ataanza kupumzika kwa amani.

Bwana Kasimiri, karibu.